Hita ya gesi ya ukutani: kuisafisha mwenyewe na kujua inaumwa wapi

Kila mwaka mwezi wa Juni ukiingia na baridi ya Nakuru ikaanza kuuma, simu yangu hainipi usingizi wa asubuhi. "Fundi, hita inalia tik-tik-tik na haishiki." "Fundi, jana ilikuwa sawa, leo imekataa kabisa." "Fundi, maji yanakuja moto, kisha baridi, kisha moto." Nimeyajibu maswali haya kwenye matatu ya Njoro, nimeyajibu nikiwa juu ya ngazi, na mara moja nimeyajibu matangani. Nimeona heri niyaandike mahali pamoja.

Hita ninayoizungumzia ni lile sanduku jeupe linaloning'inizwa ukutani, maji baridi yanaingia chini na kutoka moto papo hapo, na mtungi wa gesi uko kando. Si ile ya umeme inayofungwa kwenye kichwa cha shawa, wala si ya sola. Kama unayo ya kupasha joto chumba, kama nilizoziona Molo, sehemu ya kichomeo, hosi na hewa inakuhusu. Ya maji iruke.

Watu hunipigia hita ikikataa kuwaka. Sijawahi kupigiwa na mtu kwa sababu hita yake inawaka vibaya, na hiyo ndiyo ninayoiogopa. Hita ikikataa, mara nyingi ni betri, maji au vumbi, au kuna kifaa cha usalama ndani kimeona hatari kikafunga gesi. Ikiwaka vibaya inatoa kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na inashikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200.

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa Kiamunyi aliniita nikabadilishe betri. Nilipoingia niliona ukuta juu ya hita una alama nyeusi, kama ukuta wa jikoni uliokaa na koroboi. Dirisha dogo la bafu lilikuwa limezibwa kwa gunia lililokunjwa vizuri, kwa sababu ya baridi. Nikamuuliza, "Mama, kichwa huwa kinakuuma?"

"Eh, fundi, umejuaje? Kila asubuhi. Nimepimwa malaria mara mbili, hawaoni kitu. Nikifika sokoni kinaisha chenyewe."

Betri zilikuwa nzima. Ndani ya hita kulikuwa na utando wa buibui kwenye mdomo wa gesi na masizi yamejaa juu. Nilitoa gunia kabla sijagusa kitu kingine.

Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, tazama hita yako imewekwa wapi. Ikiwa iko ndani ya bafu lenyewe, haina bomba la kupeleka moshi nje, usihangaike kuisafisha. Ihamishwe: ikae nje ya ukuta chini ya kipaa, au mahali penye hewa nyingi na bomba lake la moshi. Ikae ukutani, isiwekwe chini ya nguo zilizoanikwa. Mtungi nao uwe nje, umesimama wima. Mtungi uliolazwa hutuma gesi ikiwa bado kimiminika kwenye regulata (kile kichwa cha mtungi kinachopunguza presha), na hapo moto unaweza kukurukia.

Jambo la pili la kutazama ni kibandiko cha ubavuni. Lazima kiandikwe LPG, yaani gesi ya mitungi, na mara nyingi utaona 2800 Pa, kipimo cha presha ya gesi, ambayo ni sawa na milibari 28. Hiyo ndiyo kazi ya regulata ya kawaida ya nyumbani. Kuna hita za mitumba zinazoingia nchini zikiwa zimetengenezwa kwa gesi asilia ya mabomba, na sisi hapa hatuna gesi hiyo majumbani. Mdomo wake wa gesi ni mpana kuliko unaofaa. Ukimfungia mtungi wetu, anatema moto wa manjano hadi juu. Huyo hasafishwi, anarudishwa kwa aliyemuuza.

Ya kwako na yasiyo yako

Vumbi, maji, betri, hosi na regulata ni kazi yako. Vali ya gesi, lile donge la chuma katikati lenye skrubu zilizopakwa rangi, si kazi yako. Wala kupanua au kubadilisha midomo ya gesi. Wala kuunganisha nyaya za usalama "ili iwake tu kwanza". Wanaofanya hivyo wapo, nitakuonyesha alama zao.

Utakavyohitaji

- Bisibisi ya nyota na ya bapa, na spana mbili au spana ya kurekebisha
- Mswaki wa zamani wenye nywele laini, na brashi ya rangi ya inchi 1 iliyo kavu
- Pampu ya baiskeli
- Sabuni ya maji ya vyombo, bakuli na sponji
- Msasa laini, kipande cha ukubwa wa kidole
- Mawe (betri) mawili mapya, yale makubwa ya redio ya mzee, ya alkali. Ya bei rahisi yanavuja
- Vikoa (washa) vipya vya mpira vya maungio ya maji
- Siki nyeupe lita 1 au 2, kama nyumbani kwako birika huota ukoko
- Tochi, kitambaa, ndoo, na simu ya kupigia picha
- Saa mbili zisizo na haraka

Fanya mchana. Usifanye jioni watoto wakiwa kwenye foleni ya kuoga.

Hatua kwa hatua

1. Itazame ikiwaka kwanza. Fungua maji ya moto, angalia kupitia kidirisha cha mbele. Moto mzuri ni wa buluu, mfupi, umesimama. Ncha za manjano kidogo ni jambo la kawaida zaidi kwetu kuliko Kisumu, kwa sababu Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi: pumzi moja hapa ina oksijeni pungufu kwa karibu humusi moja kuliko Mombasa. Hita iliyowaka vizuri Kisumu inaweza kubadilika rangi ya moto ikiletwa Section 58 hapa Nakuru, na Timboroa, iliyo juu kutuzidi, ni zaidi. Dawa ya kwanza ni kushusha kisu cha gesi (kile kitufe cha kuzungusha mbele ya hita) kidogo kutoka mwisho. Lakini ndimi ndefu za manjano zinazocheza na kulamba shaba si jambo la mwinuko. Ni uchafu au hewa haitoshi, na hita hiyo usiiogee tena mpaka umalize hatua zote.

   Hapo hapo pima maji. Weka ndoo, fungua maji ya moto mpaka mwisho, tazama saa. Lita 10 zikichukua zaidi ya dakika 4, hita nyingi hazitawaka kabisa au zitawaka kwa kusitasita. Andika muda wako, tutauhitaji.

2. Funga gesi pale kwenye regulata huku hita ikiwaka, uache moto ufe wenyewe. Hivyo hosi inabaki tupu. Wengi hufunga baada ya kuzima, kisha wanafungua hosi na gesi iliyobaki inawapulizia usoni. Moto ukifa, funga koki ya maji baridi, fungua ya moto ili presha itoke, toa betri. Subiri nusu saa. Shaba ya juu inachoma hata baada ya moto kuzima.

3. Vuta visu vya mbele, hutoka kwa kuvutwa tu. Fungua skrubu za kifuniko, huwa mbili chini na mbili juu. Inua kifuniko polepole: ikiwa hita ina kioo cha kuonyesha joto, kuna uzi mwembamba wa waya umeshikwa nacho, na ukivuta kwa nguvu utaukata. Sasa piga picha. Piga nyingine kwa karibu. Kila waya uonekane unaenda wapi. Nimeletewa hita nyingi ndani ya mfuko wa plastiki, zikiwa vipandevipande, kwa sababu mtu aliamini kumbukumbu yake.

4. Usiguse bado. Mulika tochi kutoka juu kwenda chini. Masizi meusi kwenye shaba ya juu yanamaanisha moto umekuwa ukikosa hewa. Madoa ya kijani kwenye maungio ni maji yanayovuja polepole. Rangi iliyoungua kwenye bati la pembeni ni moto unaotoroka, na hapo ni kumwita fundi. Tafuta pia udongo wa nyigu. Wale wadudu wanapenda bomba la moshi lisilotumika wiki mbili. Kisha tafuta kifungo kidogo cha duara, ukubwa wa kifungo cha shati, kimeshikwa kwenye bomba la maji ya moto na kina nyaya mbili. Hicho hukata gesi joto likizidi. Ukikuta nyaya zake zimechomolewa na kufungwa pamoja kwa tepu nyeusi, kuna fundi amepita hapo akatibu hita kwa kuitoboa macho. Usiiwashe tena kabla ya kifungo kipya kuwekwa.

5. Kichomeo. Ni safu ya vibati vyembamba vilivyosimama kama vitabu kwenye rafu, moto hutoka juu yake. Pitisha mswaki mkavu juu ya kila kibati, kwa urefu. Kisha elekeza pampu ya baiskeli chini, pale gesi inapoingia kila kibati, upulize kwa nguvu mara kumi. Hapo ndipo buibui hujenga. Harufu tunayotiliwa kwenye gesi inaonekana kuwavutia, sijui wanaipendea nini. Vumbi jekundu la Januari na Februari hujaa hapo pia, hasa kwa watu wa Lanet na Free Area wenye barabara za udongo. Usichokonoe mdomo wa gesi kwa sindano wala waya. Tundu lake limepimwa kwa sehemu ya milimita, na ukilipanua kidogo tu umebadilisha hita nzima. Usimwage maji pia. Kibati kikibaki na unyevu, moto wa siku ya kwanza utakuwa wa rangi ya machungwa na utanipigia simu bure.

6. Mapezi ya shaba. Juu ya kichomeo kuna sanduku la shaba lenye mapezi mengi membamba kama kurasa, na maji hupita kwenye bomba linalolizunguka. Masizi yakijaa kati ya mapezi, hewa haipandi, moto unakosa pumzi, masizi yanaongezeka. Funika kichomeo kwa gazeti kwanza. Kisha piga brashi kutoka juu, taratibu, kufuata mwelekeo wa mapezi. Yakipinda usiyanyooshe kwa koleo, yatakatika. Ukimulika tochi kutoka chini na huoni mwanga juu, masizi ni mengi kuliko brashi, na sanduku lazima litolewe na kuoshwa. Wa mara ya kwanza, hiyo mwachie fundi. Ondoa gazeti. Najua unajua. Nimelikuta gazeti ndani mara mbili.

7. Sindano. Mbele ya kichomeo kuna sindano mbili au tatu zenye shingo nyeupe ya kauri. Moja au mbili hutoa cheche, nyingine huhisi moto. Ile ya kuhisi ikishika ukungu mweupe, hita inawaka kwa sekunde chache kisha inazima, kwa sababu haioni moto uliopo. Sugua ncha kwa msasa kidogo tu mpaka ing'ae. Ya cheche iwe milimita 4 hivi kutoka kwenye kibati. Kauri ikiwa na ufa, cheche inapotelea pembeni. Nunua mpya, ni kitu kidogo.

8. Chujio la maji. Fungua nati ya maji baridi chini ya hita, ndani utakuta wavu mdogo. Uvute kwa ncha ya bisibisi, uoshe kwa mswaki. Hapa Nakuru hatua hii peke yake hutatua nusu ya simu ninazopigiwa. Maji ya mfereji yakikatwa siku tatu yakarudi, yanarudi na mchanga na kutu. Fungua na kichwa cha shawa pia, uloweke kwenye siki. Kisha rudia kipimo cha ndoo baadaye.

9. Siki, mara moja kwa mwaka, ikiwa birika lako huota ukoko mweupe. Fungua nati zote mbili za maji. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, jaza kupitia upande wa moto kwa faneli na kipande cha mpira mpaka itokee upande wa baridi, ziba, acha saa tatu au nne. Mwaga, suuza kwa maji mengi. Usitumie asidi ya choo wala ya betri. Inakula ukoko, kisha inaendelea na shaba. Na kwa wale wa visima virefu wanaoniuliza kuhusu floraidi: ile inayotia meno rangi haiondolewi na hita wala kwa kuchemsha. Ni shauri lingine.

10. Hosi na regulata. Kunja hosi kwa vidole mahali pengi. Ukiona nyufa ndogo kama za midomo iliyopasuka, au imekuwa ngumu kama fimbo, ibadilishe. Tazama tarehe iliyochapwa juu yake. Hosi iwe fupi, isipite dirishani panapofungwa wala nyuma ya jiko, na kila ncha iwe na klipu ya chuma. Nimeona waya wa kufungia ua, nimeona raba ya tyubu. Regulata iwe ile ya kubonyeza na kufunga, ya presha ya chini. Ile nyekundu ya kuzungusha ya majiko makubwa ya hoteli ni ya presha ya juu. Ukiifunga kwenye hita unaipulizia moto usioweza kuushika.

11. Rudisha kila kitu kufuatana na picha. Vikoa vya mpira vipya kwenye maungio ya maji. Kaza kwa mkono, kisha robo ya mzunguko kwa spana. Ile tepu nyeupe ya mabomba haizibi ungio la kikoa, ni kujidanganya. Fungua maji kwanza, gesi bado. Acha yatiririke dakika mbili, tazama kama kuna tone.

12. Povu. Changanya sabuni na maji mpaka iwe nzito. Fungua gesi kwenye mtungi, hita ikiwa imezimwa. Paka povu kwenye regulata, ncha mbili za hosi, na nati ya gesi chini ya hita. Hesabu mpaka thelathini huku ukitazama. Kiputo kinachokua ni gesi. Funga, kaza au badilisha, paka tena. Kwa kiberiti usijaribu, hata kidogo, hata nje, hata kama baba yako alikuwa akifanya hivyo na bado yuko hai.

13. Weka betri, rudisha kifuniko, fungua maji ya moto ukiwa umesimama kando, uso usiwe mbele ya kidirisha. Mara ya kwanza inaweza kulia cheche mara kadhaa kabla ya kushika, hewa inatoka kwenye hosi. Isiposhika mara tatu, funga maji, subiri dakika tano hewa isafike, ndipo ujaribu tena. Ikiwaka, tazama moto kwa dakika tano nzima. Buluu, mfupi, umetulia. Baada ya hapo weka kitambaa cheupe chenye unyevu juu ya tundu la moshi kwa sekunde chache tu, kwa koleo: kikitoka kimechafuka weusi, rudi hatua ya 5.

Ikiwa bado inasumbua

Haitoi cheche kabisa. Anza na mawe. Yakionekana mazima, angalia miguu ya sanduku la betri. Mawe yaliyovuja huacha unga mweupe au wa kijani unaozuia umeme. Ukwangue kwa msasa. Kama bado, ni maji: rudia kipimo cha ndoo. Tangi lako likiwa juu ya dari tu, mita moja na nusu juu ya hita, halina nguvu. Kuanzia mita 3 ndipo hita nyingi zinaanza kukubali, kwa kuwa kila mita 1 ya kimo inakupa sehemu ya kumi tu ya bari. Aidha uinue tangi au uweke pampu ndogo. Nimeona watu wakibadilisha hita mbili kabla ya kukubali kuinua tangi.

Maji yana nguvu, mawe mapya, na bado kimya. Sasa shuku mpira wa maji, ule ulio ndani ya donge la maji chini (si lile la gesi). Maji yanapopita, mpira huo hufura na kusukuma kijiti, kijiti kinabonyeza swichi. Ukipasuka au ukikauka, hausukumi. Donge hufunguliwa kwa skrubu nne hadi sita. Nenda na mpira wa zamani dukani, ufanane ukubwa na tundu. Hapa ndipo wengi hurudisha kijiti bila kukipaka grisi ya silikoni, kikakwama ndani. Kijiti kilichokwama ndani ni hatari kuliko mpira uliopasuka: unafunga maji na moto unaendelea. Ukiona moto haujafa ndani ya sekunde moja au mbili baada ya kufunga bomba, funga mtungi mara moja na usiutumie kabla donge halijarekebishwa.

Cheche ipo, moto hakuna. Gesi haifiki. Mtungi umeisha, regulata haijaingia vizuri, au hosi imejikunja. Kama ni saa kumi na mbili asubuhi, mtungi ni wa kilo 6 na una nusu, uguse: ukiwa baridi mpaka una umande au barafu ubavuni, gesi inashindwa kuchemka kwa kasi ambayo hita inaila. Butani huchemka kwenye nyuzi 0.5 chini ya sifuri, na kadiri mtungi unavyotumika ndivyo unavyojipoza. Tumia wa kilo 13. Usiumwagie maji ya moto, na usithubutu kuuwekea jiko chini. Nimesikia mtu akiniuliza kama inafaa, kwa sauti ya mtu ambaye tayari amefanya.

Inawaka, sekunde tano, inazima. Sindano ya kuhisi, hatua ya 7. Ikizima baada ya dakika kadhaa na maji yalikuwa moto sana, ni kile kifungo cha joto. Ongeza maji, punguza gesi. Ikizima baada ya dakika 20 hivi kila mara, si ugonjwa. Hita nyingi zina saa ndani. Funga bomba, fungua, itaendelea.

Inazima ukichanganya na maji baridi. Swali la kila wiki hili. Unapofungua baridi kwenye bomba la kuchanganyia, maji baridi yenye nguvu yanarudisha nyuma yale ya moto, hita inaona maji yamepungua, inazima. Usichanganye. Punguza joto pale kwenye hita.

Na hapo nielezee visu, kwa sababu kijitabu kimeandikwa kwa watu wa nchi ya baridi. Kisu chenye alama ya theluji na jua kinachagua safu ngapi za kichomeo ziwake. Theluji hapa hatuna isipokuwa kwenye katuni, basi watu wanabahatisha. Theluji ni safu zote, ya alfajiri ya Julai. Jua ni nusu, inakutosha mchana na inahifadhi gesi. Kisu cha maji hufanya kinyume cha watu wanavyodhani: maji mengi ni joto kidogo.

Inapiga "bum" ikiwaka. Gesi inakusanyika kabla ya cheche kuikuta. Betri dhaifu, sindano mbali, au uchafu kwenye kibati kilicho karibu na sindano. Isipuuzwe hata ikiwa ni mara moja kwa wiki. Bum ndogo hupasua kidirisha.

Kichwa kinauma, kizunguzungu au kichefuchefu baada ya kuoga, hasa kwa zaidi ya mtu mmoja nyumbani. Zima, toka nje, fungua kila kitu, nenda hospitali na useme wazi kwamba mlikuwa karibu na hita ya gesi, maana vinginevyo mtapimwa malaria. Aliyezirai mtoeni nje kwanza kabla ya jambo lolote.

Harufu ya gesi. Usiwashe wala kuzima taa, hata swichi ya kuzima hutoa cheche. Simu itumie ukiwa nje. Funga mtungi ukiufikia, fungua milango. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni na kulala kwenye mashimo na mitaro, kwa hiyo dirisha la juu halitoshi, fungua mlango na ufagie hewa itoke chini. Ukishindwa kuufunga, ondokeni, piga 999 au 112.

Gesi inaisha haraka. Hita ya lita 6 ikiwaka yote inakula kama kilo moja kwa saa. Dakika 10 za kuoga ni gramu 150 hivi, kwa hiyo mtungi wa kilo 13 unakupa kama mara 80. Nyumba ya watu wanne, kila mmoja mara moja kwa siku, ni siku 20. Ukipata siku 20, hita haina kosa. Ukipata 12, kabla ya kunipigia simu beba mtungi mpya mpaka kwa mwenye mizani, pale wanapopimia mahindi. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye shingo yake. Toa huo, kinachobaki kiwe 13.